Kutoka Kawangware 56 hadi Malindi na begi mgongoni

SAA kumi na moja alfajiri, steji ya 56 imeshachangamka. Makanga wanaita watu wa tao, mama chapati amewasha jiko. Mimi na beshte yangu tumebeba mabegi yetu ya zamani ya shule, na jirani anauliza kama tumefungiwa nyumba.

Hapana. Tunaenda Pwani.

Tumeipanga safari hii tangu darasa la sita. Yeye huosha magari, mimi huuza kava za simu. Kwa miezi saba tuliweka mia leo, hamsini kesho, hadi kila mmoja akawa na Sh9,000.

SGR ilianza kubeba abiria 2017, na tiketi ya bei ya chini hadi Mombasa ilitugharimu Sh1,500. Tulipanda ya asubuhi, inayosimama Emali, Mtito Andei na Voi, maana usiku huoni Tsavo. Beshte yangu hakuwa amewahi kuvuka Athi River. Alipoona ndovu waliojipaka udongo mwekundu, alinyamaza nusu saa nzima. Anayemjua ataelewa.

Mombasa, Sheng yetu iligonga mwamba.

“Buda, mahamri ni ngapi?” beshte aliuliza Mji wa Kale.

“Wanangu, hata salamu?” mzee akajibu.

Tukasema shikamoo, akaitikia marahaba, akatuongezea mahamri mawili juu ya mbaazi. Ukienda, anza na salamu. Kuogelea tulienda Pirates, ufuo wa umma, ambapo hulipi kiingilio.

Kesho yake matatu ilitupitisha Mtwapa na Kilifi, ikatushusha Gede. Magofu ya mji huu wa Waswahili, uliohamwa karne ya 17, yaliingia kwenye orodha ya turathi za dunia ya UNESCO mwaka wa 2024. Kuna msikiti mkuu, kasri, visima, na vyoo ndani ya nyumba.

“Hawa walikuwa na choo ndani,” beshte akasema, “na sisi ploti nzima tunashea kimoja.” Tulicheka, kisha tukaacha kucheka.

Tulikuwa Malindi, karibu na mnara wa Vasco da Gama, simu yake ilipolia. Ni mamake. Nyumba imefungwa kufuli kwa sababu ya kodi. Ukitoa nauli ya kurudi, kila mmoja wetu alikuwa amebaki na Sh3,400. Hizo zilikuwa za basi hadi Mokowe, kisha boti ya kuingia Lamu.

Alituma zake zote papo hapo. “Wewe enda Lamu, bro. Utanipigia picha.”

Sitadanganya, nilinuna. Miezi saba! Nikatembea ufuoni peke yangu, nikihesabu nauli ya mtu mmoja. Halafu nikakumbuka nyumba ile. Nimekula humo mara ngapi, mamake akigawa ugali bila kuuliza mimi ni wa nani?

Nikatuma elfu mbili. Hakusema asante, alinunua madafu mawili kwa sarafu zilizobaki mfukoni. Jioni mamake akapiga: kufuli imetolewa, deni lililobaki atalipa polepole.

Tulirudi 56 tukiwa na mchanga kwenye viatu na Sh40 kati yetu. Lamu haijahama. Kopo la akiba liko kwangu, na juzi beshte alipita akatia mia.

Mimi nilitia hamsini. Biashara ya kava imelala kidogo.