Mikunde kati ya michungwa: Rutuba hubaki kwa asiyeondoa mabaki

MKULIMA anayeanzisha shamba la michungwa wilayani Muheza, mkoani Tanga, hulazimika kwanza kuwa na subira. Mche uliobebeshwa huchukua takriban miaka mitatu hadi minne kabla ya kuanza kuzaa, na muda wote huo ardhi iliyo kati ya miti huota magugu na kumomonyolewa na mvua.

Njia mojawapo ya kuitumia nafasi hiyo ni kupanda mazao ya jamii ya mikunde, kama vile kunde na choroko. Choroko hukomaa kwa siku 60 hadi 75 hivi, hivyo familia hupata chakula na fedha wakati michungwa ingali michanga.

Faida ya pili imo udongoni. Naitrojeni ni karibu asilimia 78 ya hewa, lakini michungwa haiwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani. Mikunde huipata kwa msaada wa bakteria waishio katika vinundu vya mizizi yake. Kinundu kikipasuliwa na kuonekana chekundu au cha rangi ya waridi ndani, ni ishara kuwa bakteria hao wanafanya kazi.

Hata hivyo, sehemu kubwa ya naitrojeni hiyo huishia kwenye punje. Mkulima anayeng'oa mimea pamoja na mizizi, akaenda kuipura nyumbani na kuyachoma mabaki, huiondoa rutuba aliyodhani ameiacha shambani. Inafaa achume maganda yaliyokauka tu, kisha akate mashina na kuyatandaza chini ya michungwa, mizizi ikiachwa iozee ardhini.

Mikunde pekee haitoshi. Fosforasi na potasiamu hazitoki hewani, na kila gunia la machungwa liendalo sokoni huondoka na kiasi chake. Hurudishwa kwa samadi iliyooza vizuri au mboji, yaani majani makavu, nyasi mbichi na samadi vilivyorundikwa kwa tabaka, vikamwagiwa maji na kugeuzwa mara kwa mara kwa miezi miwili hadi mitatu. Samadi mbichi huweza kuunguza mizizi na kuleta mbegu za magugu.

Mboji huwekwa kuzunguka mti, pale kivuli cha matawi kinapoishia, si kwenye shina. Mikunde nayo ikae walau mita moja kutoka kwenye mche, na jembe lisichimbe kwa kina, kwani mizizi mingi ya mchungwa inayofyonza chakula iko karibu na uso wa ardhi.

Bei ya mbolea za viwandani ilipopanda mwaka 2022, Serikali ya Tanzania ilianza kutoa ruzuku Agosti mwaka huo. Kwa mwenye michungwa michanga, sehemu ya mbolea anayoihitaji yaweza kuota shambani mwake mwenyewe, mradi asiichome moto baada ya mavuno.