Skrubu ya Taya na Uvumilivu Usiofaa

Meno yaliyokwenda upande huvutwa kwa nyaya hadi yasimame mahali pake. Lakini jino likivutwa kwa kutegemea jino jingine, hilo la pili nalo husogea. Ndiyo maana daktari wa meno hutia katika mfupa wa taya skrubu ndogo ya titani, unene wake milimita 1.2 hadi 2, ili iwe nanga kwa miezi kadhaa, kisha huiondoa.

Wazo hili si geni. Mwaka 1945, huko Marekani, Gainsforth na Higley walilijaribu katika mataya ya mbwa, na skrubu zao zikalegea baada ya wiki chache. Hata leo kulegea ndiyo taabu kubwa: majumuisho ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2012 yalionyesha kuwa skrubu 13 au 14 hivi katika kila 100 hushindwa. Fizi zilizovimba kwa uchafu huchangia, na sigara zaidi ya 10 kwa siku pia. Jambo hili la pili liwafikie wale wanaokesha lindoni na pakiti mfukoni.

Hatari iliyo nzito zaidi ni skrubu kugusa mzizi wa jino. Madaktari wengi hutia ganzi kidogo tu, ya kutosha fizi, ili mzizi ubaki na fahamu zake. Mgonjwa akihisi maumivu makali, hiyo ni ishara ya kusimamisha kazi. Hapa askari aliyefunzwa kujikaza anaweza kujidhuru mwenyewe kwa ukimya wake. Akisema mara moja na skrubu ikarudishwa nyuma, jeraha dogo la mzizi kwa kawaida hupona. Ikifika kwenye kiini chenye mishipa, jino laweza kufa.

Nyumbani, mama aangalie kinywa cha kijana wake kila jioni. Mswaki wenye nywele laini upite kuizunguka skrubu, na ulimi na vidole viiache. Ufizi ukiwa mwekundu, ukitoa usaha, au ukianza kuifunika, arudi kwa daktari bila kungoja siku aliyopangiwa. Skrubu ikicheza, asiikaze mwenyewe. Daktari ataitoa, pengine atie nyingine mahali pa jirani, na tundu la ile ya kwanza hufumba upesi, mara nyingi bila kushonwa.