Sekunde 30 za maji ya moto zinazookoa mgomba wako

Jirani akikupa chipukizi la mgomba bure, huenda kakupa na fukusi wake. Mayai ya fukusi na minyoo ya mizizi hujificha kwenye tunguu, huvioni, mpaka siku upepo unaangusha mgomba na mkungu wake.

Dawa yake ni sufuria tu. Uwe Narung'ombe au kwingine, kata mizizi yote, menya tunguu mpaka libaki jeupe, kisha lizamishe kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30. Hesabu kwa simu. Joto linaua vilivyo juujuu kabla halijafika katikati. Ukizidisha, umepika mbegu! Maganda usiyaache shambani, na mche usiurudishe kwenye shimo la mgomba uliougua.

Zabibu ni habari nyingine. Pingili yake ni nyembamba, kwenye maji yanayochemka imekwisha. Vitalu vya nchi kama Australia huziloweka kwenye maji ya nyuzi joto 50 kwa dakika 30, halafu maji ya baridi. Joto likipungua vimelea vinabaki, likizidi macho hayachipui. Mkulima wa Dodoma asiye na kipimajoto asipime kwa kidole, aulize kwanza TARI Makutupora, wanaotafiti zao hilo.

Virusi navyo haviishi kwa maji haya, wala mnyauko bakteria uliotesa migomba ya Kagera. Mgomba mama ukionyesha dalili, chipukizi lake liache hapohapo, hata kama ni la bure.