Mtungi Mmoja, Watu Wawili

Sisi wa Arusha twaujua Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500: mtu akizidiwa na ugonjwa wa mlima, huteremshwa upesi. Kwa wazamiaji wa Unguja na Mafia haraka ndiyo hatari. Aliyeishiwa hewa hutamani kukimbilia juu. Lakini akizuia pumzi, hewa aliyoivuta kwenye kina cha mita 10 hutanuka mara mbili afikapo juu, nayo yaweza kumpasua mapafu. Basi hupitisha kiganja shingoni kuashiria. Kiongozi humpa kifaa chake cha pili cha kupumulia, wakashikana, wakapanda polepole wakipumua. Naona kazi kubwa ni kumtuliza: mwenye hofu hupumua mbiombio, na mtungi sasa ni wa wawili.