Gari inatetemeka ukikanyaga gazi: tuangalie nini kabla ya kununua piesi?

Maharagi na viazi vya Bibokoboko vinashuka mlima kwa kichwa ao kwa pikipiki, lakini vikisha fika Baraka, ushirika unahitaji gari ya kuvipeleka Uvira. Ndiyo sababu tunaandika habari ya gari katika gazeti la wakulima. Gari ikilala njiani siku mbili, viazi vinaanza kuoza, na wenye deni hawangoji. Malalamiko tunayosikia ni haya: "Ikienda polepole iko sawa, lakini nikikanyaga gazi kwa mlima inatetemeka yote." Fundi anasema motere imekufa, wanachama wanachanga pesa, piesi zinanunuliwa, na gari inatetemeka vilevile.

Tuanze na jaribio lisilolipiwa. Gari ikiwa imesimama, vitesi iko huru, shofere akanyage gazi. Ikitetemeka hapohapo, ugonjwa uko kwa motere ao kwa mipira inayoishikilia motere, ambayo ikipasuka motere inaruka mahali pake. Ikitulia, sasa aende nayo barabarani. Kama inatetemeka kwa mwendo fulani hata akiachilia gazi, mtazame magurudumu. Kama inatetemeka anapokanyaga tu, na kunyamaza anapoachilia, shaka kubwa ni karda, ule mti wa chuma unaozunguka chini ya gari, ao tena ile mipira ya motere, kwa sababu mingine inaonyesha ubaya wake chini ya mzigo tu.

Lakini kabla ya yote, osheni gari. Tunasema kweli, hatuchezi. Tope likikauka ndani ya rimu ao juu ya karda linaharibu mizani, na katika masika ya kwetu tope halikosekani.

Kisha gari iwekwe mahali pa sawa, izimwe, magurudumu yafungwe kwa mawe makubwa, vitesi iwe huru. Mtu aingie chini, ashike karda na kuizungusha huku na huku. Kwenye ncha zake kuna misalaba midogo ya chuma. Ikicheza, ama ikionyesha unga mwekundu wa kutu pembeni, grese iliisha zamani. Msiseme tutafika tu: karda ikikatika katika mlima, motere haishikilii gari tena, mnabaki na freni peke yake, na watu wamekaa juu ya magunia.

Fundi akiifungua karda, aweke kwanza alama ya rangi pande zote mbili. Ile inayoingiliana katikati ikirudishwa nje ya alama yake, misalaba haikai tena sawa, na gari itatetemeka na piesi mpya. Kosa hilo tunaliona sana, na ushirika ndio unaolipa mara mbili.

Na mzigo? Pick-up nyingi zilitengenezwa kubeba tani 1 hivi. Magunia 20 ya kilo 100 ni tani 2. Resori za nyuma zinalala, pembe ya karda inabadilika, na ukikanyaga gazi inapiga. Wengine wanaongeza majani ya resori ili gari isilale. Basi ikiwa tupu inasimama juu mno, na pembe inaharibika upande mwingine. Tukipakia gari ya watu, tusimcheke shofere anayekataa gunia la mwisho.

Kama jaribio la kwanza lilionyesha motere, angalieni mazutu. Yale ya bidoni mara nyingi yana maji na uchafu. Filtri ikiziba, motere inakosa chakula wakati inapohitaji zaidi, inaanza kukohoa na kurukaruka. Fungueni kizibo cha chini ya filtri, mkusanye katika chupa inayoonekana ndani, mngoje kidogo: maji yanakaa chini, mazutu juu. Bei ya filtri haifanani na ya motere. Moshi mweusi mnene unaonyesha hewa haitoshi ao mazutu yanazidi, kwa hiyo fungueni pia filtri ya hewa muone vumbi.

Gari za esansi, fundi atoe buji moja moja. Ile yenye masizi ao iliyolowa ndiyo inaonyesha silinda isiyofanya kazi. Abadilishane buji hiyo na ya silinda nyingine: ubaya ukihama nayo, nunueni buji tu.