Besi ilipotugombanisha

Nusura mimi na baba watoto tununiane kwa sababu ya gitaa. Yeye, mpiga besi wa kwaya hapa Lusahunga, alitaka aktivu, kama StingRay iliyotoka 1976: ndani ina saketi ya betri ya volti 9, inaongeza besi hadi malori ya Rwanda huyasikii. Mie mtunza bajeti nikatetea pasivu, kama Fender Precision ya 1951. Haina betri, kitufe cha toni kinapunguza tu.

Tukaazima aktivu kwanza. Wiki nzima akaacha waya umechomekwa, na hiyo ndiyo swichi yake jamani! Jumapili, katikati ya pambio, besi ikakoroma, ikazima. Dukani, betri za tochi tu.

Tumenunua pasivu. Ila, msimwambie, ile sauti ya aktivu naimisi.