Gari la bei rahisi nusura linimalizie mtaji: nilivyolifanyia sevisi mwenyewe nyumbani

Leo sina somo la kupiga picha bidhaa wala la kumjibu mteja anayeuliza "last price". Leo naongelea gari. Najua wengi wenu mna mawazo ya kuchukua kagari kadogo ka kusambazia mizigo, maana hela ya boda kila siku inauma. Mimi nilichukua. Soma kwanza yaliyonikuta kabla hujatoa hela yako.

Nauza mashuka na mapazia. Mzigo nachukua Kariakoo, stoo ni chumba kimoja hapa nyumbani Kimara, na wateja wa mikoani nawapakilia kwenye mabasi pale stendi ya Magufuli, Mbezi. Mwezi mmoja nilikaa na daftari nikajumlisha hela ya boda na bajaji, nikapata 410,000. Nilishtuka. Ndani ya wiki mbili nikawa nimenunua Toyota IST ya mwaka 2003 kwa 4,800,000. Nyingine za umri ule nilizoulizia zilikuwa milioni saba kwenda juu. Hii mwenyewe aliiacha chini ya mwarobaini karibu mwaka mzima, haiwashwi, haioshwi. Milioni tatu katika hiyo hela ilikuwa ya kununulia mzigo. Nikajiona nimeokota dodo.

Wiki ya pili, saa kumi na moja alfajiri, nina vifurushi kumi na vinne kwenye gari, nafika Temboni boneti inatoa mvuke kama sufuria la ubwabwa. Nikasimama pembeni. Mpaka napata bajaji ya kuhamishia mzigo, basi la Mwanza limeshaondoka. Mteja wa Mwanza alikuwa na shughuli kesho yake, mapazia yale ndiyo alikuwa anayasubiri. Nilimrudishia 180,000 yake na bado akaniandika vibaya. Sikumlaumu.

Gari likavutwa mpaka gereji. Fundi hata hakufungua kitu, akaniambia, "Dada, hapa gasketi ya silinda hedi imekwenda, andaa milioni moja na laki moja na nusu." Mimi hela hiyo sina, na stoo imebaki nusu. Nikalivuta mpaka nyumbani nikaliacha, nikaanza kufikiria kuliuza kwa hasara.

Jirani yetu ni mzee aliyeendesha malori miaka mingi. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi, nikamwamkia, akauliza gari lina nini. Nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, huyo amekwambia ugonjwa bila kumpima mgonjwa. Acha lipoe, jioni tuliangalie."

Jioni alinionyesha vitu viwili ambavyo natamani kila mwenye gari kuukuu avijue. Cha kwanza, chomoa stiki ya oili na fungua kifuniko cha kujazia oili. Ukikuta oili ina rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, hapo gasketi ina kesi ya kujibu. Yangu ilikuwa nyeusi tii na nzito, chafu kupindukia, ila haikuwa na maziwa. Cha pili, injini ikiwa baridi kabisa, fungua mfuniko wa rejeta, washa gari, angalia. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma ni dalili mbaya. Kwangu yalitoka machache yakaisha. Havithibitishi kila kitu, lakini vilitosha kunizuia nisikimbilie kutoa milioni.

Tulichokikuta kwenye rejeta ni maji ya kahawia kama ya mfereji. Kulanti hata tone. Mwenye gari alikuwa anajazia maji ya kisima, na visima vingi vya Dar mnavijua, chumvi tupu. Halafu mpira wa mfuniko wa rejeta ulikuwa umepasuka. Kumbe ule mfuniko ndio unaobana presha ili maji yasichemke mapema. Mfuniko ukichoka, maji yanachemka na kumwagika hata kama injini ni nzima. Mfuniko mpya 15,000. Linganisha na milioni na ushee.

Mzee akaniambia kitu kimoja: gari lililotelekezwa, usitafute ugonjwa mmoja, anza kulilipa madeni yake yote madogo. Jumapili ile tukaanza kulipa.

Sasa hapa naomba usome taratibu. Nilikuwa na haraka, mzee hajafika, nikapandisha gari kwa jeki ile ya kubadilishia tairi. Uwanja wetu ni mchanga. Nikalala, nikaingiza mkono na kichwa kutafuta nati ya oili. Nikagundua nimeleta spana siyo, nikatoka kuifuata. Sijafika hata mlangoni nikasikia kishindo. Jeki imezama upande, gari limeshuka. Pale nilipokuwa nimeweka kichwa palikuwa hapatoshi kuingiza kandambili. Nilikaa chini nikatetemeka, mdogo wangu akadhani naumwa.

Kwa hiyo: jeki ni ya kupandishia tu, haishikilii gari wewe ukiwa chini. Tafuta stendi mbili za chuma, azima au kodi gereji. Weka kwenye sakafu ya saruji, vuta hendibreki, kaza mawe tairi zilizobaki chini, kisha lisukume gari kwa mikono uone kama linacheza, kabla hujaingia. Kama huna stendi, usiingie. Mlipe fundi hela yake, ni ndogo kuliko mazishi. Sisi tulihamia kwenye saruji ya mzee.

Oili. Washa gari dakika chache ipate uvuguvugu, isiwe ya kuunguza, itoke vizuri. Nati ya chini kwenye IST yangu ni spana 14. Kabla ya kufungua hakikisha ni ya injini, siyo ya gia boksi, wengi wamemwaga hidroliki ya gia bila kujua. Filta mpya ipake oili kidogo kwenye mpira wake, kaza kwa mkono, na angalia mpira wa filta ya zamani haujabaki umenata kule juu, maana ukibaki oili yote itamwagika barabarani. Injini ya IST ya cc 1,300 inachukua kama lita 3.7 pamoja na filta. Dumu ni lita 4, kwa hiyo usilimimine lote kwa sababu umelilipia! Mimina, subiri, pima kwa stiki. Dukani walinisukumia oili nzito namba 40 eti "gari kuukuu hilo". Mzee akasema chukua 5W-30 kama kitabu cha gari kinavyotaka, hii injini njia zake za oili ni nyembamba. Nilimsikiliza.

Ea klina nilikuta majani ya mwarobaini na kiota cha panya. Sina la kuongeza hapo, badilisha tu.

Plagi zilikuwa kazi rahisi kuliko nilivyoogopa. Injini baridi, toa kava ya plastiki, kila koili ina nati moja ya spana 10, vuta koili polepole, plagi iko chini yake. Fanya moja moja, usitoe zote ukachanganya waya. Plagi mpya anza kuikaza kwa vidole mpaka ikolee, ndipo uweke spana, ukiibana imekaa kombo unaharibu uzi wa silinda hedi na hapo milioni itakuhusu kweli.

Rejeta tulimwaga, tukasuuza kwa maji safi mara nne mpaka yakatoka meupe, tukajaza kulanti iliyokwisha changanywa. Tukawasha mfuniko ukiwa wazi ili hewa itoke, tunaongezea kidogo kidogo mpaka feni ikawaka. Usifungue mfuniko injini ikiwa ya moto, inakuchubua uso. Na kulanti ina utamu na ni sumu, weka mbali na watoto, usiache kwenye beseni uani. Nyongeza: fundi akikwambia atoe thamostati ili gari lisichemshe, kataa. Injini haitafikia joto lake na mafuta utanunua zaidi.

Tairi zina tarehe, angalia tarakimu nne kwenye ubavu. Zangu mbili ziliandikwa 1113, yaani wiki ya 11 ya mwaka 2013. Kashata nzuri tu, lakini ubavuni nyufa kila mahali. Niliendesha polepole mpaka nikapata hela ya mpya.

Breki sikugusa. Nilichungulia pedi kupitia matundu ya ringi nikaona zimekwisha, nikampelekea fundi mwingine, si yule wa milioni. Nilisimama pembeni nikiangalia. Pedi, mafuta mapya ya breki na ufundi, 130,000. Breki ukikosea hupati nafasi ya kurudia.

Hesabu ya nyumbani ilikuwa hivi: oili 75,000, filta ya oili 12,000, ea klina 18,000, plagi nne 48,000, kulanti madumu mawili 50,000, mfuniko 15,000. Jumla 218,000. Ukiweka na breki ni 348,000. Tairi zilikuja baadaye.

Kosa langu la biashara lakini halikuwa kwenye injini. Nilipokuwa napiga hesabu ya gari dhidi ya boda, upande wa gari niliandika mafuta peke yake. Oili, pedi, tairi, sikuandika hata shilingi. Sasa hivi kila kifurushi kinachotoka, shilingi 500 inaingia kwenye laini tofauti ya simu ambayo siigusi. Natoa vifurushi kama 200 kwa mwezi, hiyo ni 100,000. Mteja anamlipia oili bila kelele kwa sababu ipo ndani ya bei ya usafiri. Na ukienda kununua gari lililotelekezwa, toa kwanza hela ya madeni yake kwenye bei, usiitoe kwenye stoo kama mimi.

Baada ya kilomita 1,000 tulimwaga oili tena, mzee alisisitiza, kwa sababu oili mpya inang'oa uchafu wa zamani. Kweli, ilitoka nyeusi karibu kama ya kwanza. Inayofuata nimeandika kwenye kikaratasi juu ya kioo, kilomita 5,000 mbele. Oili chafu usimwage mtaroni. Ya kwangu yote aliichukua mzee, alikuja na kidumu chake mwenyewe, ana nguzo za banda la kuku zinaliwa na mchwa.